Glovu za Sauti ya Tatu

Siku ya tatu baada ya kumzika mdogo wangu wa kiume nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba yake, huko Mazingara, Handeni. Jua lilikuwa limesimama utosini na kuku walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha rundo la matofali. Wifi yangu akatoka ndani na kopo la maziwa ya unga lililoota kutu, akaliweka mapajani mwangu.

"Wifi, hivi ni vitu vyake vya utotoni," akasema. "Alikuwa hataki viguswe. Hizo soksi za mtoto nilitaka kuzitupa siku nyingi, maana moja panya wameila vidole. Tuligombana siku hiyo, acha tu!"

Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuja msibani kutoka Mnyuzi, alikuwa upande wa pili wa mkeka akichambua mchele. Hakuinua macho.

Nilikibandua kifuniko kwa ncha ya kijiko. Ikatoka harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa zaidi ya miaka thelathini, harufu ya uzi wa sweta uliokaa jikoni, na shaba. Hazikuwa soksi. Wala panya hawakuwa na kosa. Zilikuwa glovu mbili ndogo za rangi ya damu ya mzee, na katikati yake kifuko cha kufumwa kinacholingana na yai la kuku, chenye kamba ya kuvaa shingoni. Nilikibonyeza kwa kidole, nikakuta kitu kigumu ndani. Nikajua ni nini, nikakifumbata katika joto lile.

Nikueleze taratibu, rafiki yangu, kwa sababu hata majirani wa Mazingara nilijaribu kuwaeleza wakanitazama kama mfiwa aliyeanza kuchanganyikiwa. Glovu zina kazi gani Handeni, mahali ambapo mtu anajipepea kwa kipande cha boksi mchana kutwa? Lakini sisi hatukuzaliwa Handeni. Tulizaliwa juu, kwenye milima ya Korogwe, mwendo wa kupanda kutoka Kwashemshi mpaka magoti yaombe radhi. Kule, mwezi wa sita na wa saba, ukungu ulishuka saa kumi jioni ukakaa nasi mpaka saa nne ya asubuhi ya pili. Nguo iliyofuliwa Jumatatu ilivaliwa Ijumaa ikiwa bado mbichi. Asubuhi tulikunywa uji tumekumbatia bakuli kwa viganja viwili, na aliyemaliza uji aliendelea kulikumbatia bakuli tupu mpaka lipoe.

Kijiji chetu kilikuwa na bendi ya matarumbeta ya kanisa, watu kumi na mmoja. Kila Jumapili kabla ya jua walisimama kwenye mwamba ulio nyuma ya kanisa wakapuliza, na sauti ikapita ndani ya ukungu mpaka bondeni kwa jirani zetu Waislamu, ambao walikuwa wakitutania kwamba kengele yetu huwakuta wao wameshaswali zamani na chai wameshakunywa. Baba yetu alipiga sauti ya tatu. Hiyo siyo sauti ya kujivunia. Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, na besi ndiyo inayotikisa kifua. Ya tatu iko katikati tu, hakuna anayeisikia, ila siku isipokuwepo kila mtu anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, kama mchuzi uliosahauliwa chumvi.

Sasa shaba na baridi haviendani. Kile kipande kidogo cha kupulizia, ambacho sisi tulikiita kidomo, kikilala baridi kinachana midomo, na sauti inatoka imeshuka chini ya inapotakiwa kuwa. Vidole navyo vinakuwa vigumu juu ya vibonyezo. Ndiyo maana bendi ile isingekuwepo bila bibi mmoja jirani yetu, aliyekaa ng'ambo ya kijito. Yeye hakuwahi kupuliza hata mara moja. Alifuma. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe, na kila mpulizaji alimfumia vitu vitatu: glovu ya kulia, glovu ya kushoto, na kifuko cha kidomo. Kifuko kilivaliwa tangu Jumamosi jioni chini ya shati, kikigusa ngozi, ili kidomo kilale kifuani mwa mtu na kiamke na joto lake.

Kila jozi ilikuwa tofauti. Bibi alikuwa na sheria yake: vidole vinavyosema viachwe wazi, vinavyobeba vifunikwe. Mkono wa kulia wa baba uliachwa wazi vidole vitatu vya kati kuanzia pingili ya kwanza, dole gumba na kidole cha mwisho vikavalishwa. Mkono wa kushoto, unaoshika tu, ulifunikwa wote. Mpiga ngoma kubwa alifunikwa mpaka kucha, na sisi watoto tukamwita Paka. Glovu zikianikwa kwenye kamba, hata mtoto mdogo aliweza kusoma: hizi za besi, hizi za fulani wa sauti ya kwanza, hizi za baba.

Na bibi alikuwa na sheria ya pili. Hakumpima mtu ndani ya nyumba. Alimtoa nje alfajiri, akamwambia atie mkono kwenye kijito na kuhesabu hadi ishirini, ndipo akauzungushia uzi wa kupimia. Watu wazima, baba wa familia, walisimama pale wakiruka kwa mguu mmoja na mwingine kwa baridi, naye akiwafokea: "Tulia wewe, hata mbuzi wangu ana subira kukushinda!" Alisema mkono uliotoka jikoni umevimba kwa joto. Ukiupima hivyo, ukipoa utaogelea ndani ya glovu.

Mama alitutoka wakati wa kuvuna maharage. Baba alianza na kikohozi tu, akamfuata kabla maharage ya msimu mwingine hayajatoa maua. Sitaki kukaa sana hapo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la sita. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na tisa, na wa mwisho alikuwa na mitano.

Siku ya kuanua matanga wazee walikaa ndani, sisi tukakaa nje chini ya dirisha ambalo halikuwa na kioo. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa amepanda kutoka Mazingara alikohamia kulima. Alizungumza kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Mimi sina ubaya na hawa watoto," akasema. "Lakini shamba nani atalima? Yule binti? Wa kiume nitamchukua mimi. Yule mdogo aende kwa mama yake mdogo, Mnyuzi. Mkubwa tutamtafutia kazi ya ndani kwa watu, Korogwe mjini. Nyumba tutaifunga."

Mdogo wangu wa mwisho akaninong'oneza, "Dada, Mnyuzi kuna treni?" Nikamziba mdomo.

Ndipo mwalimu wa tarumbeta akaomba kusema. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kovu la duara mdomoni kwa kupuliza miaka mingi. Akawakumbusha utaratibu wa bendi. Wapigaji walikuwa na zamu ya kulimiana. Kila nyumba yenye mpigaji ilipata siku zake za majembe kumi kwa msimu. Tarumbeta lilikaa kwenye nyumba yenye wa kulipuliza, na nyumba yenye tarumbeta haikukosa mkono wa kuilimia.

"Huyu wa kiume ameshaanza kujua noti kwa baba yake," akasema. "Akiweza kubeba sauti ya marehemu Sikukuu ya Mavuno, majembe yatakuja hapa kama yalivyokuja kwa baba yake. Zimebaki wiki tisa, mzee. Tuwape hizo wiki tisa."

"Na asipoweza?"

"Basi utawachukua, wala sitasema neno."

Baba mkubwa akakohoa. "Haya. Nitakuja siku hiyo. Nitasikiliza kwa masikio yangu."

Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyowekwa juu ya vidole vitatu vya mtoto wa miaka tisa.

Shule niliiacha wiki ileile. Hakuna aliyenifukuza, wala aliyekuja kuniuliza. Alfajiri nilichota maji, nikabandika magimbi, nikaenda shambani, nikarudi kuokota kuni, na jioni tulikaa wote watatu kuzunguka mafiga, tarumbeta likiwa mapajani mwa mdogo wangu kama mtoto wa nne. Mwanzoni mwalimu alimzuia kulipuliza. Alimtaka apulize kidomo peke yake, na kidomo peke yake kinalia kama bata. Yule mdogo wetu alianguka chini kwa kicheko kila siku.

"Kaka, bata wako anaumwa!"

"Nyamaza, wewe. Huyu bata ndiye atakayekulisha."

"Mwambie anywe dawa basi!"

Tulicheka, rafiki yangu. Sikufichi, nilicheka katika wiki zile kuliko nilivyowahi kucheka baadaye, na kila nilipocheka nilihesabu siku zilizobaki.

Mwalimu alituandikia noti za sauti ya tatu kwa mkaa ukutani, do na mi na fa, mstari juu ya mstari. Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba sauti ya tatu ikipigwa peke yake siyo wimbo. Inatembea hatua mbili, inasimama, inarudi, inasimama tena. Majirani waliopita njiani waliuliza, "Huyo mtoto anapiga nini?" maana hawakuutambua wimbo wa mavuno walioimba tangu utotoni mwao. Kwa wiki tisa tulisikia katikati tu ya wimbo. Mpaka leo nikiambiwa niimbe wimbo ule, kinachokuja kwanza ni ile sauti ya tatu.

Zikiwa zimebaki wiki mbili baridi ilikaza. Mdogo wangu aliweza noti zote jikoni, lakini kwenye mwamba vidole vilimgoma. Mwalimu akaniambia, "Huyu anahitaji glovu." Za baba tulimzika nazo. Kifuko tu ndicho kilichobaki, kwa sababu kidomo ni mali ya bendi. Nikavuka kijito kwenda kwa bibi. Naye akanionyesha mikono yake: vidole vilikuwa vimejikunja, haviwezi hata kushika kijiko vizuri.

"Utafuma wewe," akasema. "Mimi nitakaa hapa nikutukane."

Uzi haukuwepo. Nilikuwa na sweta langu la shule, la rangi ya damu ya mzee, nililokuwa nimelikunja chini ya mto. Sikumwambia mtu kwa nini nilikuwa bado nalilaza hapo. Nikalitoa, nikatafuta ncha ya uzi kwenye shingo, nikampa mdogo wetu ashike. Akaanza kutembea kurudi nyuma uwanjani, akicheka, uzi ukimfuata, na sweta likapungua mikononi mwangu, mkono wa kwanza, mkono wa pili, kifua. Jioni halikuwepo. Palikuwa na mpira wa uzi uliojikunjakunja kama nywele.

Nilifuma siku tano, bibi akiwa pembeni kama alivyoahidi. "Unafuma au unachambua maharage? Vuta! Kitanzi kilegee hivyo kimlegee nani?" Lakini kuhusu kupima alinitaka nikafanye mwenyewe upande wetu, kwa sababu hakuweza tena kushuka kijitoni alfajiri. "Umpeleke majini," akasema. "Ahesabu ishirini."

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Mdogo wangu alikuwa anakohoa. Siku ya tatu mfululizo alikuwa anakohoa kile kikohozi kikavu cha usiku, na baba naye alianza hivyo hivyo. Alfajiri nilimtazama amelala karibu na mafiga, uso umemwiva kwa moto, na sikuweza. Sikuweza kumwamsha nimtoe kwenye ukungu nimtie mkono kwenye maji yale. Nikauchukua mkono wake wa kulia akiwa usingizini, laini, wa moto, nikauzungushia uzi hapohapo. Nilijiambia kidole ni kidole.

Glovu zilipokamilika bibi alimwita jikoni kwake, akamvalisha, akazivuta huku na huku.

"Ulimpima kijitoni?"

"Ndiyo, bibi."

Nilimdanganya mtu mzima aliyenitendea wema, nikimtazama usoni. Akauachia mkono wa mtoto. "Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyepima."

Siku ya mavuno watu walijaa mpaka nje. Waliweka mahindi, maboga na mikungu ya ndizi mbele ya kanisa, na bendi ikapanda mwambani ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba watu wa nyuma waliona viatu vyao tu. Baba mkubwa alisimama mstari wa kwanza na koti lake la msibani. Mimi nilikuwa nyuma yake nimemshika mdogo wetu mkono. Mdogo wangu wa kiume alisimama kati ya watu wazima, tarumbeta likimfika kidevuni. Alikitoa kidomo kifuani, akakivuvia, akakipachika. Akatutafuta kwa macho. Nikamwinulia kichwa.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Sauti ya tatu ilikuwepo, rafiki yangu, niliisikia, niliifuata kwa midomo noti moja moja. Ubeti wa pili nikaona mkono wake wa kulia umeanza kubadilika. Vidole vilikuwa vimepoa vikasinyaa, na glovu ikaanza kushuka. Alijaribu kuirudisha kwa kidevu. Ilishuka tena. Kitanzi kimoja pembeni ya kidole cha kati kikachomoka, kikaingia chini ya kifuniko cha kibonyezo, na kibonyezo kikakwama chini.

Noti ikatoka mbaya. Iliyofuata ikatoka mbaya vilevile. Akakivuta kidole, uzi ukavutika nacho. Wenzake waliendelea, kwa sababu bendi haisimami, na yeye akabaki ameinua tarumbeta, amefumba macho, hapulizi chochote. Watu wote waligeuka. Hata wale wasiojua kwamba kuna sauti ya tatu walijua kuna kitu kimeondoka.

Wimbo ulipokwisha mwalimu alichukua wembe akaukata uzi. Hakugomba. Baba mkubwa alivua kofia, akaikunjua, akaivaa tena. "Nimesikia," akasema. Hakusema kingine.

Alimchukua siku hiyohiyo, baada ya chakula, kwa sababu alikuwa na safari ndefu. Mdogo wangu alimrudishia mwalimu tarumbeta kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Mwalimu akalitazama pale mbele, kwenye tundu ambalo kidomo hukaa. Halikuwa na kitu. Akamtazama mtoto, akaona kamba ya kifuko shingoni mwake, chini ya shati. Akalitundika kwenye ukuta wa kanisa hivyohivyo. Mama mdogo alikuja kesho yake kumchukua yule mwingine, aliyelia mpaka chini ya mlima nilikowasindikiza, akitaka nimfuate. Walipokuja kunichukua mimi kwa ile kazi ya Korogwe nilikuwa nimeshika mhimili wa mlango, na hawakuweza kunibandua. Bibi jirani akasimama ng'ambo ya kijito akapiga kelele, "Mwacheni huyo! Atalala kwangu, atalima kwake!" Wakaniacha.

Nilibaki. Hilo ndilo pekee nililoweza kufanya vizuri maishani, kubaki. Nilifagia uwanja kila asubuhi, nikaziba paa, nikapalilia shamba la baba nusu nusu mpaka nikaliweza lote. Noti za mkaa sikuzifuta mpaka ukuta wenyewe ulipoanguka kwa mvua. Nilijiambia watakaporudi wakute kwao. Walirudi, ndiyo, mara mojamoja, wakiwa wageni wanaouliza kikombe kinakaa wapi. Mdogo wangu alikuwa mtu wa Handeni, mwenye kula ugali wa muhogo na mlenda na kuzungumza Kizigua kwa kasi nisiyoiweza. Tuliongea habari za mvua, mahindi, bei ya ufuta. Siku ile hatukuitaja. Sijawahi kushika tena sindano ya kufumia. Kila mwaka baridi ilipokuja nilisema, mwaka huu nitashuka Mazingara nimwambie. Nitamwambia kwamba sikumpeleka kijitoni. Kwamba ni mimi.

Sasa nilikuwa nimeshuka, naye yuko chini ya udongo mwekundu hatua thelathini kutoka pale nilipokaa.

Niliichukua glovu ya kulia. Nilitegemea kuona ule uzi uliokatwa na tundu lililobaki pembeni ya kidole cha kati. Uzi haukuwepo wala tundu halikuwepo. Mtu alikuwa ameliziba. Alikuwa ameshona kwa uzi wa katani, ule mgumu wa kufungia magunia, mishono mikubwa iliyopinda, ameurudiarudia mpaka pamekuwa na kinundu. Ni kazi ya mtoto asiyejua kushona. Na kidole chenyewe kilikuwa kimebanwa, kimekuwa chembamba sana, saizi ya mkono wa baridi.

"Alishona alipofika tu hapa, nadhani," wifi akasema. "Alinieleza wakati tunagombania hizo soksi. Alisema yeye ndiye aliyevunja nyumba yenu."

"Yeye?"

"Ndiyo. Eti usiku wa kuamkia hiyo siku alishikwa na woga, akawa anauvutavuta uzi wa kidole chini ya blanketi mpaka ukalegea. Alisema, 'Dada alifuma vizuri, mimi nikaharibu, na nikanyamaza.' Alisema atakuja kukwambia. Kila mwaka alisema hivyo, akivuna atapanda kwenu akwambie."

Nilijaribu kutia kidole changu ndani ya kile kidole chembamba. Hakikuingia. Ungo wa mchele uliacha kusikika. Mdogo wetu wa mwisho, mama wa watoto wanne sasa, mwenye mvi mbele, alikuwa ameuweka chini.

"Mimi nilicheka," akasema.

Tukamtazama.

"Hukunisikia, Dada? Pale kwenye mwamba, noti ilipotoka mbaya. Nilisema kwa nguvu, bata anaumwa. Baba mkubwa akageuka akanitazama. Ndipo akavua kofia." Alikuwa analia bila kujifuta. "Nilijua ni mimi. Hilo nimekwenda nalo Mnyuzi, nimeolewa nalo."

Nilivuka mkeka kwa magoti. Nilimshika, na kwa mara ya kwanza tangu nilipomwachia mkono chini ya mlima hakunishika kama mgeni. Nikamwambia habari ya mkono uliopimwa jikoni. Nilimwambia kwa sauti ili na yule mwingine asikie, ikiwa wafu wanasikia. Lakini hatua thelathini ni mbali, rafiki yangu. Baba mkubwa naye alishakufa zamani, hayupo wa kutuambia kama alikuwa anasikiliza kweli siku ile, au alikuja na uamuzi wake mfukoni.

Nimerudi juu na kopo lile. Bibi wa ng'ambo ya kijito ametangulia siku nyingi, na kijito chenyewe sasa mtu anakivuka bila kulowesha kandambili. Hakuna anayefuma, masweta ya mitumba yapo tele. Kanisani wana kinanda cha umeme na spika mbili, na vijana wanapiga wakiwa ndani wamefunga milango. Matarumbeta yaliuzwa moja moja. La baba lilikaa ukutani kwa miaka bila kidomo, hakuna aliyeweza kulipuliza, mpaka akapita mnunuzi wa vyuma chakavu akalichukua pamoja na masufuria yaliyotoboka.

Usiku ninakivaa kifuko shingoni. Sikukusudia, ilianza tu. Kidomo kinaingia kifuani kikiwa baridi, kinanishtua, halafu kinakubali taratibu. Kila alfajiri naamka kikiwa na joto lililo sawa kabisa, kama bibi alivyotaka, na nakaa kitandani nimekishika, nikisikiliza mwamba ulio nyuma ya kanisa, ambako hakuna mtu.